Tochi Ndani ya Kibuyu

Bwana yangu alirudi kutoka Sisibo, ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret siku hizo, akiwa na kitu mfukoni na uso wa mtu aliyepewa ng'ombe bure. Alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu, upande wa kwenda kijiji cha Ziwa, na tulikaa huko huko shambani kwenye nyumba za wafanyakazi: yeye, mimi, na mama yake mzazi. Akakitoa kile kitu akakiweka mezani. Ilikuwa tochi. Ndogo, ya kuingia mfuko wa koti, si ile ndefu ya walinzi.

"Mhindi wa duka amesema niijaribu kwanza," akasema. "Ikinisumbua, niirudishe Jumamosi. Lakini niijaribu kwa kazi, si kwa kuichezea."

"Na nani ataijaribu kwa kazi? Wewe unayeshinda juu ya trekta jua likiwaka?"

Akacheka. Alikuwa amenizoea. Mimi nimezaliwa na mdomo, na sitaomba msamaha kwa hilo. Tochi ikabaki kwangu.

Wacha niwaambie, tuliijaribu. Nyumba zetu zilikuwa za udongo, na dirisha lilikuwa tundu tu, kwa hivyo hata adhuhuri giza lilikuwapo la kutosha. Nikamulika chini ya kitanda nikakuta mayai ya kuku niliyekuwa nikimtukana kwa uvivu. Nikamulika kwenye paa la nyasi, panya wakakimbia mpaka vumbi likaniingia machoni. Ng'ombe wetu akakwamwa na kiazi kooni. Bwana yangu akamshika pembe, mimi nikamulika ndani ya mdomo, na jirani yetu mmoja, mzee wa kuchunga ndama, akapitisha mkono mpaka kwenye kiwiko akakitoa. Kisha huyo mzee akaweka kiganja juu ya tochi, akaona vidole vyake vimekuwa vyekundu kabisa. Akaruka nyuma! Akasema mimi nimeona damu yake na yeye hajaona yangu, na hilo si jambo la majirani. Ilibidi niweke mkono wangu pia ndipo akatulia. Tochi ilianguka kwenye mavi ya ng'ombe, nikaifuta kwa kanga, ikawaka. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kile kidude cha kuwashia kilikuwa kigumu, mpaka ukisukume kwa ukucha, na wakati mwingine uipige tochi kwenye kiganja ndipo mawe yake ya betri yakae sawa.

Sasa nije kwa mama mkwe.

Mimi ni mtu wa upande wa Kakamega. Bwana yangu ni wa huku huku juu, na watu wake, ukitaka kujua mwanamke ni mwanamke, humtazami sura. Unaonja maziwa yake. Kibuyu kinasuguliwa ndani kwa fimbo ya sosiot, ambayo ncha yake imepondwa ikawa kama burashi. Kisha unachukua makaa ya mti maalum, unayasaga humo ndani kwa ile fimbo mpaka ukuta wote wa kibuyu uwe mweusi, halafu ndipo maziwa yaingie, yakae siku kadhaa, yawe mursik, maziwa ya mgando. Usiposugua vizuri, maziwa yanaharibika, na jina lako linaharibika nayo.

Vibuyu vya nyumba yetu vilikuwa vya mama mkwe. Hakuna mwingine aliyevisugua; mimi nilimimina maziwa tu. Na haikuwa heshima tu. Shambani kwa mzungu, mzee asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa. Nyapara alikuwa akipita, akimkuta mtu hajiwezi, anamrudisha reserve, kule Waafrika walikotengewa ardhi. Mama mkwe hakuwa na mtu huko reserve. Alikuwa amebaki hapa kwa sababu nyapara mwenyewe alipenda mursik yake, na kila mgeni wake alimleta kwetu anywe. Vile vibuyu ndivyo vilivyomweka.

Lakini tangu mvua za mwaka uliopita maziwa yalikuwa yakiharibika. Si yote. Kibuyu hiki kizuri, kile kinanuka. Na nani alilaumiwa? Mimi! Ati namimina maziwa kabla hayajapoa. Ati mikono yangu ina harufu ya samaki kama ya watu wote wa kwetu, na samaki sikuwa nimeonja tangu niolewe. Mama mkwe alisema, bwana yangu akanyamaza, na mimi nilikuwa nikilala na hasira, naamka nayo. Tena alikuwa na maringo, yule mama. Ukipita mbele yake bila kusema neno, hakuangalii. Mpaka umwamkie wewe ndipo akujibu, uso umeelekea kwingine.

Ijumaa ile, siku ya mwisho ya majaribio, bwana yangu alikuwa nje akirekebisha ua. Nikachukua kibuyu kimoja kilichosuguliwa asubuhi hiyo, nikaingiza mwanga wa tochi mdomoni mwake, nikachungulia. Lo! Upande mmoja mweusi vizuri, upande mwingine mweupe, na chini kabisa maziwa ya zamani yameganda kama ukoko wa ugali. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Leo nimekupata, mama. Leo utaniambia ni mikono ya nani.

Nikazima tochi nikamwendea uso kwa uso. Alikuwa ameketi ndani, karibu na mafiga.

"Mama, hebu tazama kibuyu chako. Nitakumulikia, uone mwenyewe."

"Niletee," akasema.

Nikamshikisha kibuyu. Akakileta jichoni. Mimi nikaanza kusukuma kile kidude cha tochi, kikakataa. Nikasukuma tena. Kumbe yeye ameshaweka jicho kwenye mdomo wa kibuyu, anageuza kichwa polepole kama mtu anayekagua kila pembe.

"Naona," akasema. "Ni kisafi. Kila mahali ni kisafi."

Tochi ilikuwa haijawaka.

Nilisimama pale na ukucha wangu juu ya kile kidude. Nikamtazama usoni, kwa mara ya kwanza nikamtazama kweli. Macho yalikuwa wazi, na hayakuwa na mahali yanapokwenda. Basi yale maringo yote, kutoniangalia, kuelekea kwingine, yalikuwa macho hayo tu. Huruma iliyonishika siku hiyo sijui niiseme vipi.

Bwana yangu akatokea mlangoni. "Vipi? Inafanya kazi?"

Mama mkwe alikuwa amekishika kibuyu kwa mikono miwili. Nilimwona anavyosubiri.

"Inafanya," nikasema. "Kibuyu ni kizuri. Tutabaki nayo, usiirudishe."

Bwana yangu akaenda zake, amefurahi. Mama mkwe akainusa ile hewa ya ndani ya kibuyu. Akainusa tena. Mimi nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya zizi, kisha nikakamua ng'ombe.

Asubuhi ya kufuata nilikuta vibuyu vyote vimepangwa kando ya mlango, na fimbo juu yake.

"Mgongo unaniuma," akasema. "Anza wewe."

Nikaanza. Yeye akakaa karibu, ameinamisha kichwa upande, anasikiliza. "Hapo bado," anasema. "Hapo panalia laini. Sugua." Nikimaliza, namulika kwa tochi, nakuta ni kweli, palikuwa bado. Akisikia mtu anapita njiani, haraka haraka mama mkwe anainyakua fimbo kutoka mkononi mwangu anasugua yeye, na mimi nachukua ufagio. Hatukuwa tumepatana hivyo. Ilitokea tu, ikawa ndiyo desturi yetu. Maziwa yakaacha kuharibika. Bwana yangu akasema mama yake amerudiwa na mkono wake wa zamani, na mimi nikasema ndiyo, umeuona wapi mwingine kama huo.

Kisha nyapara akaja Jumapili moja baada ya kanisa, na wageni wake wawili kutoka Burnt Forest. Nikawamiminia. Wakanywa, wakapangusa midomo, wakasifu sana.

"Ndiyo maana nasema," nyapara akasema, "huyu mama asife kamwe. Akifa, tutanyweshwa na huyu wa Kakamega, maziwa yenye harufu ya samaki!"

Wakacheka, wee, wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Bwana yangu naye akacheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Damu ilinipanda. Maneno niliyokuwa nayo yangetosha kumfukuza nyapara mpaka Eldoret kwa miguu. Lakini nikisema moja tu kati ya hayo, mama mkwe yuko juu ya gari la mzungu kesho, na blanketi lake, anapelekwa kwa watu wasiomjua. Nikauma ulimi. Nikachukua kibuyu nikageuka niende zangu jikoni.

"Rudi," mama mkwe akasema.

Nikasimama.

"Mnacheka nini?" akawauliza. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mimi sioni. Tangu mvua za mwaka jana sioni, hata huyu mtoto wangu aliyekaa hapa simwoni. Maziwa mnayokunywa na kusifu ni ya huyu. Anasugua yeye. Mimi nimekula sifa yake na yeye amenyamaza."

Bwana yangu alitazama macho ya mama yake, akatazama mengine yote ndani ya nyumba, kisha akarudi kwenye yale macho. Aliinamisha kichwa. Wageni wakawa wanatazama vikombe vyao.

Nyapara alikizungusha kikombe mkononi. Nilikuwa nikiangalia kile kidole chake alichozoea kuwanyoshea watu wa kuondoka.

"Mimi nilikuja kunywa maziwa," mwishowe akasema. "Habari za macho sikuzisikia." Akaninyoshea kikombe. "Niongeze, mama."

Mimi, msichana wa Kakamega, kuitwa mama na nyapara! Nikamwongeza mpaka yakamwagika kidogo mkononi mwake.

Mama mkwe akainuka. Kwa mwaka mzima alikuwa akitembea humo ndani peke yake, akihesabu kuta kwa vidole, ili mtu asijue. Sasa akasimama katikati ya wageni, akanyosha mkono mbele, wazi.

"Njoo basi unishike, mtoto wangu," akasema. "Nataka kwenda nje, na nimechoka kujifanya."

Nikaweka kibuyu chini, nikamshika mkono.