Vivuli vya Siku ya Ukaguzi

Cheche, mwana wa Mfua Majembe, mjukuu wa Mvunja Mawe. Hilo ndilo jina lake lote, na akilitaja halipunguzi. Babu yetu alivunja mawe ya barabara kuu kabla mashine za kazi hiyo hazijafika. Mgongo ulipinda lakini hakumwinamia mtu. Baba yetu alifua majembe yaliyolima mashamba ya watu wasiomwamkia. Na Cheche, mdogo wangu anayenifuata, ndiye aliyechomelea mageti ya soko, ngazi ya nje ya hospitali na mlango wa jela. Kuhusu mlango wa jela husema, "Mimi nimeufunga vizuri. Kilichobaki ni kuwaingiza wanaostahili."

Namwandika kwa sababu ya vivuli vya madirisha, na naandika nikiwa na hasira. Asiyetaka hasira asome kingine.

Sheria mpya ya majengo ilipotoka, Cheche alifurahi kuliko walioitunga. Redio ilieleza hadi mimi wa darasa la saba nikaelewa: nyumba mpya isijengwe kama tanuri, halafu watu washinde wakilisha umeme feni na mashine za kupoza hewa. Paa liwe na kitu cha kuzuia joto, na madirisha yanayotazama jua la alasiri yawekewe vivuli kwa nje. Bila hivyo mkaguzi hatoi cheti, na bila cheti haingii mpangaji. Nikasema, leo wakubwa wamefikiri kama mtu aliyewahi kupika jikoni pasipo dirisha.

Mkandarasi aliyejenga jengo la wapangaji mtaani kwetu akampa Cheche kazi ya vivuli vya upande wote wa magharibi. Akavitengeneza na binti yake, fundi kama yeye: fremu za chuma, na vipande vya bati vimelazwa mshazari, upepo upite na jua libaki nje. Vilipokuwa tayari, msimamizi wa ujenzi akaja na neno lake.

"Fundi, usichomelee ukutani. Funga kwa bolti, tuweze kuvitoa tukavisafishe."

Binti akamtazama baba yake. "Baba, vumbi la huko juu nani ataliona?"

"Anayelipa ndiye anayeona," Cheche akajibu, akashika spana, akakaza.

Mkaguzi alikuja, akatazama juu, akapiga picha, akatia saini. Wapangaji wakaingia. Binti naye akapata chumba ghorofa ya tatu, upande huo huo wa magharibi, akahamia na kichanga chake. Hata hajamaliza kupanga vyombo, vibarua wakafika na spana, wakavishusha vivuli vyote. Vinakwenda kupigwa rangi, walisema. Ni rangi gani hiyo isiyokauka mpaka leo?

Nimekaa katika chumba kile alasiri. Ukuta ukiugusa unaondoa mkono mwenyewe. Feni inalitoa joto pembe hii na kulipeleka pembe ile, umeme unakwisha, joto liko palepale. Mtoto alijaa vipele shingoni na kwapani, mchana hanyonyi, analia mpaka sauti inakauka. Nesi alimgeuza huku na huku, akasema hana dawa ya kumpa, dawa ni kumtoa kwenye joto. Sasa atolewe apelekwe wapi? Binti akawa anashinda naye kwenye ngazi za jengo, watu wanamruka na ndoo zao kama mzigo uliosahauliwa. Fundi yule, aliyekata chuma cha vivuli kwa mikono yake, anaomba kivuli cha ngazi.

Cheche alikwenda kwa mkandarasi zaidi ya mara moja. Mara mkubwa yuko kikaoni, mara vivuli viko njiani. Njia gani hiyo, nikamuuliza, kwani vinakwenda kuhiji?

Ndipo akaitwa kutengeneza geti kwenye jengo jingine la mkandarasi huyohuyo, la maofisi. Akainua macho. Vivuli vipo, vimepakwa kijani. Cheche hakuhitaji kuambiwa. Kimoja kilikuwa na bati lililoungwa katikati, alipopungukiwa na malighafi. Akakwangua kwa ufunguo, rangi ya kijivu aliyoipaka mwenyewe ikamtazama. Akamwita msimamizi.

"Kijana, hivi ni vya jengo la wapangaji."

"Ni vya kampuni, mzee. Wewe ulishalipwa."

"Na wale watu kule?"

"Kule mkaguzi alishapita. Tukimaliza hapa vinakwenda jengo linalofuata. Sheria inataka vivuli siku ya ukaguzi."

"Na jua nalo linangoja mkaguzi?"

"Mzee, wewe chomelea geti."

Alirudi kwangu akakaa bila kusalimia. Nilimwekea maji, hakuyagusa. "Dada," akasema, "ile ya kusafisha niliimeza nikijua si chakula. Wamenifanya fundi wa maigizo." Sikumbembeleza. Nilimwambia hasira ya kukaa kwangu haitampunguzia mtoto kipele hata kimoja.

Asubuhi ya ukaguzi wa lile jengo la maofisi aliondoka na ngazi, spana na mkokoteni. Mkaguzi yuleyule alipokuwa ameinua simu apige picha, Cheche yuko juu ya ngazi, anafungua bolti.

"Unafanya nini wewe?" msimamizi akauliza.

"Nasafisha."

Watu waliokusanyika chini wakacheka. Kivuli cha kwanza kikashuka, dirisha likabaki uchi mbele ya mkaguzi. Cheche akamwambia, "Mheshimiwa, hivi umeshavipiga picha kwenye jengo la wapangaji. Twende ukawaone wenyewe, wanalala wapi na wanapumua nini."

Mkaguzi akakohoa. Akasema lile jengo lilishapata cheti.

"Cheti hakina vipele," Cheche akamjibu.

Mkaguzi hakwenda, na hilo simsamehe. Lakini macho yake yalikuwa yameona na umati umemwona akiona, basi siku hiyo hakutia saini. Msimamizi akawa anapiga simu huku anataja polisi na wizi. Cheche akaendelea kufungua bolti. Alishusha vivuli kimoja baada ya kingine, na cha mwisho kilipomlemea, bega likamlia kama kijiti kinachovunjika. Alivisukuma hivyohivyo mpaka mtaani kwetu, mkono mmoja ukining'inia.

Wapangaji wakashuka kuvipokea, wote ila mgonjwa mmoja wa ghorofa ya juu asiyeinuka kitandani. Hakuna aliyeitwa. Wanaume kwa wanawake wakavipandisha ngazi, wengine wakavuta waya wa umeme kwa ajili ya mashine ya kuchomelea. Binti alinipa mtoto, akamfuata baba yake chini.

"Bega limekwisha, mwanangu," Cheche akamwambia. "Sipandi tena."

"Nani atapanda, baba?"

Akavua miwani yake ya kazi, akamvalisha mwenyewe. "Wewe. Anzia kwa yule mgonjwa wa ghorofa ya juu, chako kije baadaye. Chomelea kila pembe. Polisi wakija nitaongea nao mimi, hapa chini. Wewe usishuke mpaka upande wote wa magharibi uwe na kivuli."