Macho Yangu Kwenye Trela

Huku kwetu Ngulyati, tela ni kitu cha pamba. Trekta linatangulia, tela linafuata nyuma limejaa mpaka juu, na nyuzi nyeupe zinabaki barabarani zikipepea, zinanasa kwenye miiba mpaka mvua ije. Kwa hiyo kijana aliyenichezesha kwenye filamu yake aliponipigia simu kutoka Bariadi mjini akaniambia amenipanga mwanzo kabisa kwenye trela, nilielewa kwamba natakiwa kupanda juu ya pamba. Nikamjibu kwamba kwa umri huu nitaanguka, na gharama za msiba zitakuwa juu yao. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Baadaye nikaelezwa kuwa trela ya filamu ni kionjo, kipande kifupi cha kumvuta mtu aje aione yote. Sawa. Lakini nikauliza, mbona basi inatangulia mbele? Tela gani linalovuta trekta? Wenye filamu wakaendelea na mambo yao. Walidhani ni maswali ya kizee.

Mimi ni mjane. Nalima kidogo, na siku za mnada nauza michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke. Mdomo ninao, sikatai. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikinyamaza ng'ombe wanashtuka. Na macho yangu ni mekundu. Yamekuwa hivyo tangu usichana wangu, kwa sababu miti ilishakatwa zamani na sisi tunapikia mabua ya pamba na samadi iliyokauka, na moshi wake haumwonei mtu huruma. Ukipika miaka yote hiyo, unalia bila msiba.

Nayasema haya ya macho mapema kwa sababu huku kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee si jambo la mzaha. Wapo akina mama waliouawa kwa ajili yake, wakidaiwa kuwa wachawi. Tangu nilipoanza kuota mvi nilikuwa najua, na ndiyo maana nilikuwa nacheka sana na watu, nasalimia kila mtu njiani, mwangaluka huku, mwadila kule, ili wanizoee. Unajijengea jina jema taratibu, kama anayejaza mtungi kwa kikombe.

Vijana wa filamu walikuja wakati wa kiangazi, wanatafuta jiko la zamani lenye kuta nyeusi. Walilipenda langu, kisha wakanipenda na mimi. Filamu yenyewe ilikuwa ya harusi na ya kuchekesha. Kijana anapeleka ng'ombe wa mahari ukweni, ng'ombe wanarudi nyumbani wenyewe. Wanapelekwa tena, wanarudi tena, mpaka wakwe wanadhani wanachezewa. Mimi nilikuwa bibi wa bwana harusi, bibi aliyegoma kula mpaka amwone mchumba. Niliambiwa nipulize moto, niinue uso, niseme, "Mleteni hapa nimwone." Nikasema mara moja tu, wakapiga makofi. Siku ile nilijiona mtu.

Trela niliiona kwanza mnadani, kwenye simu ya shoga yangu anayeuza nyanya. Jua lilikuwa kali, tukajifunika kanga moja vichwani ili kioo kionekane, na humo ndani ya kanga kulikuwa na mwanga wa rangi ya machungwa, kelele za mnada zikisikika kwa mbali. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile, inanijia hivyo, kwa rangi hiyo. Kwanza kulikuwa na giza. Bundi. Mlango ukafunguka polepole bila mtu. Mtoto mchanga akalia mahali fulani, nami nikashangaa, kwa sababu kwenye ile filamu hapakuwa na mtoto. Ngoma ikaanza, moja, kimya, moja, kimya. Halafu moshi, na ndani ya moshi nikamwona mama yangu mzazi, aliyefariki zamani. Moyo ukaruka kwa furaha. Nilitaka kumwita. Ndipo akainua uso, akanitazama kwa macho mekundu, akasema kwa sauti yangu, "Mleteni hapa nimwone."

Fisi akacheka. Yakatokea maandishi mekundu yanayodondoka, basi ikaisha.

Shoga yangu alicheka. Akasema nimetisha kweli, niombe niongezewe. Tukacheka wote wawili, lakini tulipoivua ile kanga kila mmoja alitazama upande wake.

Ile trela ikaenda. Iliingia kwenye simu za watu Bariadi yote, ikafika Maswa, ikafika Lamadi kwa wauza dagaa. Mnada uliofuata watu walinisalimia vizuri, tena vizuri mno, wakapita. Mwanamke mmoja alipofika usawa wangu alivuta mtandio akamfunika mtoto wake uso. Hakunitukana. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi, maana tusi ningelijibu. Wazee wa kale walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mimi nilikuwa nimekaa na michembe yangu nalisubiri hilo linalokuja.

Lakini nisijifanye. Watu wa mnadani hawakuwa shida yangu kubwa. Shida yangu ilikuwa nyumba moja tu, kule Bariadi mjini, ya mwanangu wa pekee, ambaye mke wake alikuwa na mimba ya kwanza. Tulikwisha kupatana tangu mwanzo: akijifungua naenda kukaa naye, naogesha mtoto, namkanda mzazi, napika uji. Mkwe wangu ni binti mpole aliyelelewa na bibi yake huko Mkula, na alikuwa ananipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, akiniita mayu, yaani mama. Baada ya trela simu zikawa fupi. Halafu akawa anapiga mwanangu peke yake.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Mwanangu akasema mzazi hajapata nguvu, tusubiri kidogo. Nikasubiri. Mwezi ukaandama. Nikawa nakaa nje jioni, mikono mapajani, na mikono yenyewe inajipanga kumpakata mtu ambaye hayupo. Kila nilipopiga simu nilitaka kusema maneno ambayo bibi yeyote duniani angeyasema, mleteni hapa nimwone, na kila mara niliyameza. Yule kijana wa filamu alikuwa ameninyang'anya maneno hayo. Wakinisikia nayasema, watasikia na ngoma.

Siku moja nikafunga kanga yangu nikaenda mjini kumtafuta. Nilikuwa nimekasirika vibaya, nimepanga matusi yangu vizuri njiani. Nikamkuta kwenye chumba kidogo cha uani, dirisha limezibwa kwa blanketi, feni inazungusha joto lile lile. Akanipa kiti, akanipa soda, akaonekana kafurahi kuniona. Ni vigumu kumtukana mtu aliyefurahi kukuona.

Akanieleza bila kuficha. Kila aina ya filamu ina alama zake, akasema, na mtazamaji anazijua hata kama hajui kwamba anazijua. Ya mapenzi lazima mvua inyeshe na watu wawili wakimbiliane taratibu kama wako ndani ya maji. Ya ngumi mtu aruke ukuta, kioo kivunjike. Ya kutisha unahitaji mlango, bundi, ngoma, na bibi kizee. Mtu akiona hizo alama anajua anapikiwa nini, anakuja na njaa ya chakula hicho. Harusi watu wameshaziona, nani atatoka nyumbani kwake kwa ajili ya harusi ya kwenye kioo? Ila kutishwa, watu wanakufuata. Kilio cha mtoto alikiokota tu mtandaoni akakibandika.

Nikamuuliza, "Na wewe huna bibi?"

Akaondoa mkono kwenye kompyuta. Nadhani alinielewa hapo hapo, kwa sababu na yeye ni wa huku huku. Akasema taratibu, "Ninaye. Hata mlango wa jikoni uliokuwa kwenye trela ni wake." Alikuwa amemwona bibi yake kila siku, na macho yake pia, lakini alipokaa mbele ya mashine aliona alama, hakuona bibi. Sikuweza kumtukana tena. Nilimwonea huruma, na nilijionea mwenyewe huruma zaidi.

Ndipo akanionyesha kitu ambacho bado nakiota. Aliuweka uso wangu kwenye kioo, ule ule, sekunde zile zile za kuinua kichwa kutoka kwenye moshi. Akaweka ngoma: mchawi. Akaondoa ngoma akaweka kinanda cha huzuni: mama aliyefiwa, na nikamlilia, jamani, nilimlilia kama simjui. Akaweka vigelegele: bibi wa harusi, macho yamelowa kwa furaha. Kisha akazima sauti zote. Pale kwenye chumba cha giza alibaki mwanamke mmoja anayepuliza moto, moshi umemwingia machoni, anapepesa. Nikamwomba amwache huyo kidogo. Feni ilikuwa inazunguka na mimi niko mahali pawili, kwenye kiti na kwenye moshi, na sikujua ni yupi kati yetu anayemtazama mwenzake.

Akaahidi kutengeneza trela nyingine, na hakunidanganya. Lakini filamu ilikuwa imeshapangiwa siku, ikaonyeshwa Jumapili mchana kwenye banda la video mjini. Watu walijaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya bati. Trela ilikuwa imewaleta, hilo lazima niseme. Nikakaa nyuma, kanga kichwani. Ng'ombe wakarudi nyumbani, watu wakacheka. Ng'ombe wakarudi tena, wakacheka zaidi. Uso wangu ulipotokea kicheko kikakatika, nikasikia mtu mbele yangu akivuta pumzi. Nikasema maneno yangu. Bibi harusi akaingia, nikamkumbatia, nikacheza. Watu wakatazamana.

Walipotoka, mimi nikiwa nyuma yao, wakaanza kulalamika kwamba wamekatiwa sehemu. Iko wapi ile ya mtoto anayelia? Mwanamume mmoja akawahakikishia wenzake kwamba ipo, ila imefichwa, kwamba mambo kama yale hayaachwi hivi hivi yakaonekana. Wakamkubalia. Nilisimama pale nikikumbuka swali langu la tela na trekta. Walikuwa wameshashiba kionjo, na chakula chenyewe wakakiona cha uongo.

Trela ya pili ilitoka na vigelegele vyake na kinanda chake. Shoga yangu wa nyanya aliitazama akalia, akanikumbatia mbele ya watu, na baadhi ya wateja wakarudi. Wengine wakasema ninasafishwa. Maji yakimwagika hayazoleki, nilikwisha kulijua hilo. Nikaacha kuhangaika na watu, nikakaa na jambo langu moja.

Mwisho nikaona nikisubiri kuitwa nitakufa sijaitwa. Nikamkamata kuku mmoja, nikafunga michembe, nikapanda bodaboda mchana kweupe ili nisionekane ninanyemelea. Njia nzima nilijisemea kwamba nitabisha hodi, nitaacha vitu, na nikifukuzwa nitaondoka bila neno. Mimi, bila neno! Pamba ilikuwa imechanua pande zote mbili za barabara, nyeupe mpaka macho yanakoma, na sikumbuki kama yule dereva aliniongelesha.

Mwanangu alikuwa kazini. Mkwe wangu alifungua mlango, mtoto begani, amefungwa shuka, nikaona kisogo tu, chenye nywele laini. Akapiga goti kidogo kunisalimia, kama alivyolelewa. Nikamjibu nikitazama sakafu. Nikaweka kuku chini, nikanawa mikono, nikakaa kwenye mkeka karibu kabisa na mlango, ili ajue njia iko wazi na ninaweza kuondoka. Mtoto alikuwa analia kile kilio cha kuchoka, kinachokatika katika. Mkwe wangu alisimama katikati ya chumba, hasogei mbele wala nyuma.

Sikuinua mikono. Nilifumba macho. Niliyafumba kabisa, nikayakaza, kwa sababu nilijua ndiyo anayoyaogopa, na niliona bora nimpakate mjukuu wangu nikiwa kipofu kuliko kumkosa. Nilikaa hivyo. Nilisikia kuku anajipiga mbawa, nikasikia nyayo za mkwe wangu zinakuja, zinasimama, zinakuja. Halafu magoti yake kwenye mkeka, na pumzi yake karibu, na uzito mdogo wa moto ukashuka mikononi mwangu. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi.

 Nilikuwa namnusa tu, maziwa na jasho, nikimpima kwa vidole, mguu, kisigino, sikio. Nilimwambia Mungu kwamba hata hiki kinatosha.

Mkwe wangu akanishika bega. 

"Mayu," akasema, "fumbua macho. Mtoto anakutazama, anatafuta wa kumtazama."

Nikafumbua. Cha kwanza nilichokiona hakikuwa mtoto, ni uso wake yeye, umekaribia wangu, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu, kwa kukesha na kwa kulia. Ndipo nikainamisha uso nikamtazama mjukuu wangu, na yeye akanitazama bila kupepesa, muda mrefu, kama mtu ambaye hajaambiwa chochote.