Presha ya King'ora

Mume wangu aliendesha gari la wagonjwa kwa miaka kumi na tisa, na mtaa mzima ulimwita King'ora, ingawa jina hilo halikumfaa hata kidogo. Aliongea kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto, na akicheka, yaliyocheka ni mabega. Nyumbani nilimwita Baba Pacha. Yeye aliniita Mama Pacha, au Mwalimu alipotaka kunichokoza, kwa sababu nafundisha biolojia sekondari.

Akitoka kazini hakuingia ndani moja kwa moja. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, viatu mkononi, dakika kumi, siku nyingine ishirini. Zamani nilipomuuliza anafanya nini pale, alisema, "Nasubiri miguu ifike. Mimi nimefika, yenyewe bado iko njiani." Kisha aliingia, akanawa, akala, akalala kama gogo. Hakuna siku aliyoniambia alichobeba kwenye gari, na mimi sikuuliza. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Mwaka aliotimiza hamsini na mbili, hospitali ilileta utaratibu mpya. Kila dereva wa dharura apimwe presha. Ikizidi mia na sitini kwa mia mara tatu ndani ya miezi miwili, arudishe funguo. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa mia na sabini na mbili kwa mia na nne.

Aliiweka ile karatasi mezani, kando ya kibakuli cha chumvi.

"Tairi ikijaa sana natoa upepo kwa msumari," alisema. "Mimi watanitoboa wapi?"

Pacha, mabinti zetu wa miaka kumi na mitano, walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi niliondoa kibakuli cha chumvi.

Kwake funguo zile hazikuwa kazi tu. Hakusoma sana, na katika ukoo wao ndiye aliyekuwa akitajwa mwisho. Lakini nyuma ya usukani watu walimpisha. Mawaziri walimpisha. Aliwahi kuniambia kwamba barabara ikifunguka mbele yake namna ile, anahisi kama dunia imemsikia, na yeye hajapaza sauti.

Niliapa hatazirudisha.

Jioni ile nilichukua gazeti kuukuu na kalamu, nikamkalisha.

"Nieleze, Mwalimu," alisema. "Mtihani lini?"

Nilimchorea figo mbili, na juu ya kila figo tezi ndogo, kama kofia. Ubongo ukihisi hatari, nikamwambia, hauandiki barua. Unapiga simu. Tezi zile zinamwaga adrenalini papo hapo: moyo unakimbia, mishipa inabana, ini linatoa sukari, tumbo linafunga duka. Mwili wote unajiandaa kupigana au kutimua mbio. Dakika kadhaa baadaye inafuata homoni ya pili, kortisoli. Hiyo haina papara. Kazi yake ni kuhakikisha mafuta hayaishi mpaka hatari ipite. Ikipita, ubongo unaona kortisoli imetosha, unafunga bomba, na mtu anarudi kuwa mtu.

"Na isipopita?"

"Hapo ndipo pabaya. Bomba linabaki wazi. Usingizi unakatika, tumbo linaota kitambi, presha inapanda, kinga ya mwili inashuka. Mwili haujui kutofautisha simba na bosi. Wote unawapigia kengele ileile."

Alipitisha kidole juu ya zile kofia mbili. "Kwa hiyo mimi natakiwa nimtafute simba wangu."

"Ndiyo."

"Kazini simba wapo wengi," alisema, "lakini wote wana mwisho. Ukifika getini na machela, simba amekwisha."

Ningemsikiliza siku ile, nisingekuwa naandika haya. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga ratiba.

Ratiba yenyewe haikuwa na kosa, na leo bado ningemfundisha mtu yeyote. Kahawa moja kwa siku, asubuhi. Kutembea nusu saa, maana mwili ulioandaliwa kukimbia unatulia ukipewa mwendo. Kulala na kuamka saa zilezile. Kupumua taratibu, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, kwa sababu ni katika kutoa ndipo moyo hupunguza kasi. Na kusema yaliyo moyoni. Hilo la mwisho nililiandika kwa wino mwekundu, nikalibandika kwenye friji: ONGEA.

Hospitali nayo iliwaita wafanyakazi kwenye semina ya kupunguza msongo wa mawazo. Waliambiwa waepuke mambo yanayowakera. Wiki hiyohiyo gari la pili la dharura liliondolewa, likabaki la kwake peke yake. Nesi aliyepanda naye kila zamu, mama mnene mwenye maneno, alikuwa akiitwa Bibi Bendeji. Aliponiona dirishani kwa mhasibu wa hospitali aliniambia, "Shemeji, wametuwashia moto, sasa wanatugawia vipepeo tujipepee!"

Kipimo cha pili kilikuwa mia na sitini na sita kwa mia na mbili. Nilikuwa nimekaa naye ndani. Daktari wa wafanyakazi alikuwa mwanamke mpole, miwani kaipandisha kichwani.

"Kuna watu presha yao hupanda wakiona koti langu tu," alisema. "Ni woga wa kupimwa. Mzee, nataka unipimie kwingine, ukiwa umetulia. Uniletee vipimo vya wiki tatu. Vikiwa vizuri nitaviheshimu kuliko vyangu."

Nilitoka pale nina furaha ya mtu aliyepewa majibu ya mtihani. Siku hiyohiyo nilinunua mashine ya presha na daftari.

Nilimpima saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na tena kabla ya chakula cha jioni. Nilifuata kila kanuni: akojoe kwanza, akae dakika tano, mgongo uegemee, miguu isikunjwe, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Nilisimama pembeni yake na saa. Pacha waliagizwa wanyamaze. Nyumba nzima ilinyamaza, ikabaki sauti ya mkanda unaojaa upepo. Kisha nilisoma namba kwa sauti, kama ninavyosoma matokeo darasani.

Mia na sitini na nane. Mia na sabini na moja. Mia na sabini.

"Umepumua?" niliuliza.

"Nimepumua."

"Umepumua vile nilivyokufundisha?"

"Mama Pacha, nimepumua tangu nizaliwe."

Wiki ya pili aliniomba. "Leo tusipime."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Leo."

"Unaona? Unakwepa. Kukwepa nako ni dalili."

Aliutoa mkono, akauweka mezani. Mkono wa dereva, mzito, ulioinua watu wasioweza kujiinua, ulilala pale kama kitu kilichosahaulika dukani. Niliandika mia na sabini na nne, nikapiga mstari chini yake.

Nilizidi kukaza. Chai ilikosa sukari, mchuzi ukakosa chumvi, redio ikazimwa saa tatu kamili. Akikaa kwenye ngazi kusubiri miguu yake, nilitoka kumwambia muda wa kutembea umefika. Akianza sentensi, niliimalizia kwa ushauri. Mmoja wa pacha aliniuliza, "Mama, baba ni mgonjwa au ni mwanafunzi?" Nilimkemea, nikasema baba yake atanishukuru.

Siku ya kipimo cha tatu alivaa shati jeupe la mikono mirefu, akatembea mbele yangu bila haraka. Nilikagua meza kabla ya kufunga mlango, nikaliona daftari. Kalisahau! Nililitia mkobani, nikamfuata.

Kwa daktari alipimwa mia na sitini na nne kwa mia na moja.

"Imezidi kidogo tu," daktari alisema. "Haya, mzee, vile vipimo vyako vya kwingine?"

Mume wangu alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Nilidhani anatafuta leso.

"Hivi hapa, Daktari," nilisema, nikalitoa daftari. "Alilisahau mezani. Nimeandika mwenyewe, asubuhi na jioni, hakuna siku niliyoruka."

Mume wangu alinitazama. Nimeishi na macho yale miaka ishirini na moja, na sikuwahi kuyaona namna ile. Hayakuwa na hasira. Kisha aliushusha mkono kutoka mfukoni, mtupu, akauweka gotini.

Daktari alifunua ukurasa hadi ukurasa. Alishusha miwani, akasoma tena.

"Mama, umefanya kazi nzuri sana," alisema. "Kwa bahati mbaya, nyumbani ni juu kuliko hapa. Kwa hiyo si koti langu."

Alisaini. Funguo zilirudishwa mchana ule, na hakuna aliyempigia king'ora cha kumuaga.

Siku ya tatu Bibi Bendeji alikuja na koti la mvua na kikombe cha bati ambavyo mume wangu aliviacha garini. Hakukaa.

"Shemeji, daktari aliziona karatasi akazikataa, au vipi?"

"Karatasi gani?"

"Mungu wangu. Karatasi za ukaguzi!"

Akanieleza akiwa amesimama mlangoni. Kila asubuhi kabla gari halijatoka, nesi hukagua vifaa: oksijeni, machela, taa, mashine ya presha. Ili kujua mashine inafanya kazi, lazima ipime mkono wa mtu, na mkono ulio karibu ni wa dereva. Namba inaandikwa kwenye fomu ya gari. Kwa hospitali ile ilikuwa habari ya mashine, wala haikuhusu mtu. Lakini namba zilikuwa za mume wangu, miaka sita mfululizo. Mia na ishirini na nane. Mia na thelathini na moja. Hata katika miezi ile miwili, hata baada ya gari la pili kuondolewa. Alikuwa akinyoosha mkono huku anasimulia vichekesho, na hakuna aliyemsomea matokeo.

"Nilimnakilia za wiki tatu," alisema. "Nikamwambia lile daftari la nyumbani aliache hukohuko nyumbani. Sasa ilikuwaje?"

Alinitazama usoni, na nadhani alielewa, kwa sababu aliweka kikombe chini taratibu, akaondoka bila utani.

Mume wangu alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Zilikuwa mfukoni," nilisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuzitoa?"

"Ulishatoa zako."

"Ungesema tu! Ungesema kazini iko sawa!"

"Ningesemaje, Mama Pacha? Mbele ya mtu? Kwamba mwili wangu unatulia kwenye gari la majeruhi, ila mezani kwa mke wangu unapiga kengele?" Alizungumza kwa sauti yake ileile ya chini. "Ulikuwa unajivuna na daftari lako. Nisingeweza kukuaibisha."

"Na mimi je? Mimi ungeniambia. Nyumbani."

"Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulinipima. Mara ya pili ulinionyesha friji."

Nilizichukua zile karatasi, nikaenda peke yangu kwa daktari. Alizisoma zote, akavua miwani kabisa. Alisema angeziona siku ile angesimamisha uamuzi. Sasa ripoti imekwenda juu, dereva mwingine ameshaajiriwa. Kisha akaniuliza, bila ubaya, "Na nikiulizwa niamini mwandiko gani, wa mfanyakazi mwenzake au wa mkewe?" Nilizikunja zile karatasi, nikatoka. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakusema nguo yenyewe inajisikiaje.

Alipewa kazi ya stoo ya mashuka. Anahesabu mashuka yanayotoka kufuliwa, anayapanga, anasaini. Wiki mbili za kwanza king'ora kilipopita nje alisimama, akakaa tena. Sasa hasimami. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha. Hana kinyongo. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu najua yeye amesamehe, na mwili wake haukuulizwa. Nikiingia chumba alichomo, mgongo wake unanyooka. Mara moja nilipitisha mkono begani kwake jikoni, nikahisi msuli ukikaza kabla hajanitabasamia. Mashine niliigawa, daftari nililichoma, karatasi ya friji niliibandua. Lakini bomba halifungwi kwa sababu aliyelifungua amejuta. Linafungwa siku mwili unapoona, tena na tena, kwamba hakuna kinachokuja, na hakuna tezi inayoelewa maneno.

Kwa hiyo dawa ninayompa sasa ni kutokuwepo. Kila jioni, saa kumi na moja, navaa viatu nasema nakwenda kutembea. Nazunguka nyuma ya shule, napita kwenye duka la fundi viatu, narudi kwa njia ya juu. Nusu saa. Haulizi kwa nini mimi ndiye ninayetembea siku hizi, nami simwambii.

Jana niliporudi nilimsikia kabla sijafika getini. Alikuwa kwenye ngazi ya mlango na pacha, anawasimulia juu ya mgonjwa mmoja wa zamani, mzee aliyekataa kulala kwenye machela mpaka kuku wake naye apakiwe. Kumbe hadithi anazo. Alikuwa anaigiza sauti ya yule mzee, kwa sauti ya juu ambayo sikuwahi kuisikia katika ndoa yetu yote, na wasichana walikuwa hoi kwa kicheko.

Nilishika komeo la geti. Kisha nikaliachia polepole lisilie, nikaenda kuzunguka tena.