Barua Kumi na Moja za Capitoline

Capitoline nilimpenda, na hadi leo nina hasira naye. Kwenye makazi yetu ya wakimbizi wa Burundi yeye ndiye aliyetuandikia barua. Mwandiko wake ulinyooka, na hakudai kitu zaidi ya kikombe cha uji.

Mwaka tisini na saba mumewe, Arcade, alipeleka maharage Mpanda kwa baiskeli. Kibali chake cha kutoka makazini kilikuwa kimeisha juzi yake. Askari wakamkamata mtaa wa Makanyagio, mjini humo, na miezi minne hatukujua wamemweka wapi.

Ndipo wakaja wageni watatu kukagua kama serikali inafuata haki za binadamu. Wakaweka sanduku uwanjani, wakasema mwenye malalamiko aandike, jina si lazima. Jina si lazima! Huku kwetu hata dawa ya kikohozi hupewi bila jina, kijiji na namba ya kadi. Capitoline akaandika barua kumi na moja, ya Arcade kwanza, na kila moja akaijaza vyote vitatu juu.

"We Capitoline, si wamesema kujitaja si lazima?" nikamwambia.

"Dada Libérate, barua isiyo na mwenyewe nani ataishughulikia?"

Hata mimi niliona hivyo. Barua yangu ilimhusu mwanangu, aliyepigwa na walinzi wa ofisi mpaka akavunjika mkono.

Wageni walikaa siku mbili. Sanduku wakamwachia mkuu wa makazi, yuleyule tuliyemlalamikia, eti ndiye mhusika.

Baada ya wiki Capitoline akaitwa ofisini. Aliporudi hakupitia kwake, alikuja kwangu moja kwa moja.

"Barua zetu ziko mezani kwake," akasema. "Ameniandikisha nyingine kumi na moja, kwamba hatuna shida yoyote. Hizo ndizo zinakwenda Dar es Salaam kwa wale wageni."

"Na zile za kwanza?"

"Amebaki nazo. Arcade anatoka Jumamosi."

"Na mimi umeniandikia?"

"Nimekuandikia, dada. Nisamehe."

Sikumsamehe.

Arcade alirudi kweli, amekonda, hasemi. Jumatatu askari wakaanza kuwachukua wenye barua, mmoja mmoja. Siku ya tatu wawili wakaingia barabara yetu, wakiniulizia mimi kwa jina. Capitoline alikuwa nje anapepeta mahindi. Aliwaona, akanitazama, kisha akamshika mumewe mkono, wakaingia ndani wakafunga mlango.