Godoro la Mama Ndani ya Pikipiki ya Baba

Enzi zile pikipiki za mji wetu wa Kasongo zilikunywa petroli iliyochanganywa na oili, na mwenye pikipiki alikuwa fundi wake mwenyewe, apende asipende. Siku hizi kijana akinunua pikipiki, jambo la kwanza anang'oa chujio la hewa na kulitupa, eti ipumue, ipige kelele, wasichana wageuke. Wanageuka kweli. Wanageuka tena wakimkuta kwenye njia ya Salamabila anaisukuma, injini imekufa kwa vumbi, naye anaipiga picha ili amtumie mtu amwambie imekuwaje. Baba yangu asingemuuliza mtu kitu hata angekuwa anazama mto Lualaba.

Baba alikuwa akipeleka chumvi na sabuni Salamabila. Wakati wa kiangazi barabara ile ni unga mwekundu mtupu, na akirudi tulimtambua kwa meno. Chujio la pikipiki yake lilikuwa kipande cha sponji. Alikifua, akakipaka oili, akakirudisha, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja kikamegekea mikononi mwake kama mkate mkavu. Sokoni hakikupatikana kingine. Basi Baba akachukua kisu, akaingia chumbani, akakata kona ya godoro la Mama.

Ninyi wa rika langu mnajua godoro la sponji lilikuwa nini wakati ule. Mama alilinunua kwa karanga alizolima mwenyewe. Siku ya kulileta alilibeba kichwani, tena akapita njia ndefu, ili mtaa mzima ulione. Sisi watoto tuliruhusiwa kuligusa tukiwa tumenawa.

Mama aliporudi kutoka shambani akaliona lile pengo, hakupiga kelele. Hapo ndipo tulipoogopa. Alifunga nguo zake ndani ya kitenge, akaketi juu ya furushi mlangoni.

"Baba Zaina," alisema, na Zaina ni mimi, na kwetu godoro ni matela, pikipiki ni moto, "ulikata matela yangu sababu ya moto. Sasa moto hiyo hiyo itanipeleka kwetu Wamaza. Leo."

Kwetu, mke akisema anarudi kwao, mume mwenye heshima humpeleka mwenyewe, akajieleze mbele ya wakwe. Baba alijua hivyo. Tatizo ni kwamba pikipiki ilikataa. Sponji ya Mama ilikuwa nene na nzuri mno, hewa haipiti, injini inakunywa petroli bila kupumua. Ilikohoa, ikajaza ua moshi wa buluu, ikazima. Kuku walikimbilia kwa jirani. Baba akafungua buji, ile inayotoa cheche: nyeusi, imelowa.

Dawa ilikuwa rahisi, hata mbuzi wetu aliijua: toa sponji, ipunguze. Lakini kuipunguza ni kukiri kwamba godoro limekatwa zaidi ya haja, na Baba alikuwa mwanaume wa Kasongo. Akachagua kuilaumu kabureta. Akafuta buji, akaipiga teke pikipiki mpaka ikawaka, akachukua bisibisi, akafungua kile kiskrubu cha hewa, robo mzunguko, akasikiliza, robo tena, shingo upande kama daktari.

Jirani yetu Papa Ramazani, aliyekuwa hana kazi ila kazi za wengine, alikuja na kiti chake.

"Ndugu, punguza hiyo matela."

"Matela iko sawa. Ni kabureta haiyaizoea bado."

Mlangoni Mama alicheka kidogo, kicheko kibaya.

Baba akazidisha. Sasa injini ikapanda yenyewe, ikalia sauti nyembamba bila kuguswa. Ukiiacha hivyo inapata joto, pistoni inashikana, na hapo huna pikipiki wala safari. Papa Ramazani akainama sikioni mwa Baba, lakini alikuwa kiziwi nusu na mnong'ono wake ulisikika mpaka msikitini: "Iache ife! Moto ikikufa, muke atabaki."

Mimi moyoni nilikuwa upande wa Papa Ramazani, nasema ukweli. Nilitaka ife. Baba aliitazama pikipiki, akamtazama Mama, akaizima. Alitoa ile sponji mbele ya mtaa mzima, akaiweka juu ya goti, akaipunguza kwa kisu polepole, vipande vya godoro vikianguka miguuni pake. Hakumtazama mtu. Akairudisha, akaiwasha, akaanza upya na kiskrubu, robo kwa robo, mpaka injini ikatulia na kuunguruma chini chini, na buji ikatoka na rangi ya karanga iliyokaangwa vizuri. Baba hakuwahi kuitengeneza vizuri namna ile, na alikuwa akiitengeneza ili imwondolee mke wake.

"Panda, Mama Zaina."

Mama akapanda na furushi lake. Tulilia mpaka kamasi. Tuliusikiliza mlio ukienda njia ya Kabambare, ile ya Wamaza, tukiomba uzime kwenye mlima. Haukuzima. Ukapotea.

Kisha, adhana ya magharibi haijaisha, tukausikia tena, unakuja. Mama alishuka, akakung'uta vumbi kwenye kitenge, akapita katikati yetu kama aliyetoka kisimani.

"Tulipanda mulima, nikaona moto inavuta muzuri," alisema. "Na nyinyi hamuyakula bado."

Usiku ule godoro liligeuzwa, pengo likawekwa upande wa Baba. Alilala na mguu wake ndani ya shimo lile mpaka alipozeeka, na hakuwahi kulalamika.

Mwezi uliopita mke wa Idi, mtoto wa kaka yangu, naye alisema anarudi kwao. Idi ana pikipiki ya kisasa, lakini hakutaka taabu: alimwita mwenzake kwa simu aje amchukue mke kwa pikipiki yake. Yule kijana akaja, hata hakushuka. Akabonyeza kidude, ikawaka mara moja, wakaenda. Idi alikuwa bado anapiga mswaki.

Sasa anakuja kukaa kwangu jioni, ananiuliza, "Shangazi, nimutumie mesaji ya namna gani?" Mimi namwekea chakula tu. Pikipiki za leo ni nzuri, haziwachafui watu mikono. Ila ile moja, asubuhi ile, natamani ingekataa kuwaka, hata kwa muda wa kuchemsha chai.