Simu Zilizopigwa kwa Sauti ya Bi Ashura

Warda Mustafa alizaliwa Ufukoni, Mtwara, mtoto wa karani wa bandarini. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, na wenzake walipobaki huko kutafuta vyeo, yeye alirudi Mtwara. Alirudi na maneno mengi. Alisema simu ya bei chee ni ndoano. Alisema programu ya bure lazima inakula kitu, na anayeliwa hajijui. Alisema mnara wa simu hufika kijijini kabla ya zahanati kwa sababu mgonjwa hana faida kwa tajiri, lakini msemaji anayo. Ofisini kwao, Shangani ya hapo hapo Mtwara, walimwita Mheshimiwa Mbunge na kumcheka.

Na kazi yake ilikuwa nini? Kukusanya sauti za watu na kuzipeleka kwa kampuni ya nje.

Alijitetea kwamba yake ilikuwa tofauti. Mradi uliitwa Lugha Isife. Kimgao, lahaja ya zamani ya pwani hii, kilikuwa kimebaki kwa wazee wachache, na Warda aliamini kabisa kwamba anakiokoa. Mtu wa kwanza kumrekodi alikuwa shangazi yake, Bi Ashura, mkunga wa jadi wa kijiji kimoja karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Siku tano mama yule alikaa barazani akizungumza habari za uzazi, za njaa, za maharusi. Kila habari aliianza hivi: "Wanangu niliowapokea..." Nusu ya kijiji ilipitia mikononi mwake, na kwa hiyo maneno yake yalikuwa na uzito kuliko ya mwenyekiti.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, asubuhi moja, Shabani, mtoto wa Bi Ashura, alimpigia Warda simu.

"Dada, njoo. Mama kazomewa kisimani."

"Kazomewa na nani?"

"Na wanawake wenzake. Wanasema kauza kijiji."

Warda aliaga kazini na kuondoka saa ile ile. Alimkuta shangazi yake ameketi kizingitini, ndoo tupu pembeni.

"Shikamoo, shangazi."

Bi Ashura hakuitikia marahaba. Katika miaka thelathini na mbili ya uhai wake, Warda alikuwa hajawahi kunyimwa marahaba na mtu huyu.

Shabani akatoa simu na kumsikilizisha. Watu wa kijiji kizima walikuwa wamepigiwa, na wengine, kama jirani yao Rajabu, waliirekodi simu hiyo. Sauti ilikuwa ya Bi Ashura, haina shaka, na ile pumzi yake ndogo kabla ya neno zito: "Wanangu niliowapokea, mradi wa kamba ni neema. Mkutano wa Jumamosi ukifika, nyosheni mikono. Chumvi haijawahi kumtajirisha mtu."

Kulikuwa na mwekezaji aliyetaka mashamba ya chumvi ya ufukweni ili afuge kamba. Diwani alikuwa upande wake. Wanawake waliovuna chumvi pale walikataa, na aliyewaongoza katika kukataa alikuwa Bi Ashura huyu huyu.

"Mimi nilisema hayo lini?" aliuliza sasa, akimtazama Warda kwa mara ya kwanza. "Niambie wewe uliyekuja na vyombo vyako. Nilisema lini?"

"Hukusema, shangazi. Mashine imetengeneza. Imejifunza sauti yako, sasa inasema inachoambiwa."

"Na nani aliifundisha?"



Warda alirudi mjini na hasira zake, akaingia moja kwa moja kwa meneja wake, Brian, kijana mpole aliyehamia kutoka Mbeya.

"Sauti ya shangazi yangu imeuzwa kwa wanasiasa."

"Haijauzwa kwa wanasiasa," Brian alisema. "Kampuni inakodisha sauti kwa wateja. Mteja anafanyia nini, hatumuulizi."

"Mama mzima anatukanwa kisimani kwa maneno ambayo hakuyasema! Mngeiba kuku wake, angekwenda kituoni kushtaki. Mmemwibia ulimi, aende wapi?"

"Warda, aliweka dole gumba." Brian alifungua kabati, akatoa mkataba. "Ukurasa wa tisa. Matumizi yoyote ya kibiashara au ya uhamasishaji. Na aliyemsomea ni wewe. Sahihi yako hii hapa."

Warda aliikumbuka siku ile. Kurasa kumi na nne, jua kali, mama mzee anasinzia. Alipofika ukurasa wa tisa alisema, "Hapa ni mambo madogo madogo ya ofisi, shangazi," akafunua ukurasa.

Aliandika barua ya kuacha kazi akiwa amesimama. Kisha akawaandikia wenye kampuni kutaka sauti iondolewe. Jibu lilikuja siku ya pili, la heshima, lenye mistari mitatu: sauti imeshachanganywa na nyingine ndani ya mtambo, haiwezi kutolewa. Asante kwa kutuandikia.

Jumamosi alikwenda mkutanoni. Ofisa wa mwekezaji alikuwepo, diwani naye, na viti vya plastiki vya wageni vilikuwa mbele. Bi Ashura alipoinuka kusema, wanawake wengine waliguna. Akasema kwa kifupi kwamba hakumpigia mtu simu, hana hata simu, akakaa. Mtu mmoja akapaza sauti, "Sasa ile ilikuwa sauti ya nani, ya jini?"

Ndipo Warda aliposimama.

"Ilikuwa ya mashine, na mimi ndiye niliyeilisha. Nilimsomea shangazi yangu mkataba nikaruka ukurasa. Nilikuwa na haraka. Kama mna tusi, nipeni mimi."

Ofisa akatabasamu. "Ndugu wananchi, teknolojia haina kosa. Ni chombo tu."

"Chombo kina mwenyewe!" Warda alipasuka. "Simu elfu moja hazijipigi. Kuna mtu aliyeandika yale maneno, na kuna mtu aliyeyalipia. Kama mradi wenu ni neema, kwa nini hamkuja kusema kwa midomo yenu? Mheshimiwa diwani, ulikuja hapa kuomba kura kwa miguu. Ulipotaka ardhi ukatuma mzimu wa mtu aliye hai!"

Diwani alisema hajui lolote kuhusu simu. Hakuna aliyemwamini, lakini pia hakuna aliyekuwa na ushahidi. Mwenyekiti alipoitisha mikono, ya kuunga mkono ilikuwa kumi na mmoja tu. Mradi ulikataliwa siku ile. Ofisa alisema watarudi na maelezo bora.

Wanawake walimzunguka Bi Ashura na kumwomba radhi. Warda naye alisogea.

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe," Bi Ashura alisema. "Lakini hasira bado ninayo, usinifanyie haraka."

Hakumfanyia haraka. Siku hizi Warda anafundisha kompyuta kwa muda katika shule moja mjini, na siku za mapumziko anawafuata wazee wengine ishirini na sita aliowarekodi, mmoja mmoja, hadi kijiji cha Madimba. Anawasomea mkataba wote, neno kwa neno, na anayetaka kujitoa anamwandikia barua ya kupeleka kwa kampuni. Kampuni haijajibu hata moja. Mwezi uliopita, dukani Mikindani, alisikia redioni tangazo la sabuni, na aliyekuwa akiisifu ile sabuni alikuwa Bi Ashura. Alimwomba muuza duka azime. Muuza duka alimuuliza kwa nini, na Warda akakaa juu ya kreti ya soda, akaanza kumweleza.