Zuhura, jina lako linafunguka

Siamini bado. Zuhura tumemzika jana Tongoni baada ya alasiri, na mimi tangu asubuhi nashika simu nimpigie, nimwambie nimefiwa.

Wengi mlimjua kama dada wa intaneti kafe ya Ngamiani. Kabla ya hapo mimi naye tulikuwa wapiga chapa kwenye ofisi ya mkonge, tukapunguzwa kazi siku moja. Mimi nililia. Yeye aliuliza kompyuta zinafundishwa wapi. Ndipo kafe tukaja kuiendesha pamoja.

Linki alinifundisha yeye. Yale maneno ya bluu, alisema, si ukurasa wenyewe. Nyuma ya neno kuna anwani. Ukibofya, kompyuta inakwenda kupiga hodi kwenye anwani hiyo na kukuletea kilichomo.

Siku moja akaja Bi Kidawa. Mumewe alikuwa hoi, mtoto wao yuko Maskati, na kwenye simu ndugu wote wanamwambia mzee hajambo, wasimtie wasiwasi ugenini. Mama mwenyewe alishindwa kutamka. Alitaka mwanawe aone picha.

Zuhura akatengeneza ukurasa, jina la mzee kwa bluu, ukibofya inatoka picha. Kwetu ilifunguka vizuri, tukapongezana. Kijana akabofya huko aliko, hakuna kitu.

Bi Kidawa akakaa chini. "Basi ndo hamuoni tena babake," akasema.

Zuhura akaichungulia ile anwani, akashika kichwa. Alikuwa ameielekeza linki ndani ya kompyuta yetu wenyewe.

"Shoga, nimemwambia mtu wa Maskati picha iko kabatini kwangu. Ataifikiaje?"

Akaipandisha picha mtandaoni, akaandika anwani upya, akavaa baibui akaenda kuijaribu kwenye kafe ya wapinzani wetu. Walimshangaa! Hakujali.

Kijana aliiona, akaja. Alimkuta babake bado anaongea.

Tangu hapo Zuhura hakutoa kazi bila kuijaribu kwa jirani. Mteja anasubiri, mimi nimenuna, yeye yuko nyumba ya pili anabofya. Ningekuwa na subira zaidi kama ningejua siku zake ni chache.

Shoga yangu, nimekutengenezea ukurasa wa picha zako, jina lako hapo juu kwa bluu. Leo nimekwenda kwa jirani, nikamwomba simu yake, nikabofya. Ukatokea unacheka.

Dua ya kwanza imeshaandikwa pale. Ni ya yule mtoto wa Bi Kidawa.

Mola akupe nuru huko uliko. Kazi nimeijaribu kwa jirani, Zuhura, inafunguka. Sasa lala salama.